Siku 14 za Karantini pale Busia

Tangu Ebola ya mwaka 2022, wilaya za Mubende na Kassanda zilipofungwa kule Uganda, na tena mpox ilipoingia Kenya mwaka 2024, majirani wanatuuliza: hivi karantini ikoje? Basi mwezi huu tumefungua daftari letu la mwaka 2020.

Machi 2020 tulivuka kwenda Tororo kumzika mjomba wa watoto. Tulikuwa watu sita pamoja na Bibi. Tuliporudi Busia tukakuta mpaka umefungwa. Uganda ilizuia abiria kuanzia usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Machi, malori ya mizigo tu ndiyo yaliyopita. Tukapanga chumba kimoja upande wa Uganda, kwenye ploti ya vyumba vinane na choo kimoja. Si mnajua Busia, mji mmoja uliokatwa katikati. Hata jina la boda boda lilizaliwa pale miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka boda hii hadi boda ile. Mwaka ule boda boda wakakatazwa kubeba abiria, mizigo tu.

Jumamosi 25 Aprili. Gari la wagonjwa limemchukua jirani yetu, dereva wa lori. Mpakani walimpima puani wakamwacha aendelee, sampuli ikaenda Entebbe kwenye taasisi ya utafiti wa virusi. Majibu yamemkuta nyumbani anakula posho na watoto wake. Watu wa afya wamefunga kamba getini. Hakuna kutoka siku 14, ploti nzima.

Jumapili 26. Mtu wa afya ametueleza kwamba virusi vinaweza kukaa mwilini hadi siku 14 kabla ya dalili kuonekana, ndiyo maana hata mzima anafungiwa. Neno lenyewe karantini, tulisoma baadaye, lilitoka Venice kule Italia, maana yake siku arobaini, muda ambao meli zilingojeshwa. Bibi alipoambiwa alicheka sana. "Arobaini ni ya mzazi na ya marehemu. Sisi tuko wapi hapo?"

Jumatatu 27. Leo ugomvi. Wapangaji wawili wanataka mke wa dereva asitumie choo wala asiguse jerikeni za wengine, eti yeye ndiye alileta korona. Watoto wake wamejifungia ndani tangu asubuhi. Bibi ametoka na fimbo yake, akasimama kati ya mlango wa yule mama na hao vijana. "Wanangu, mimi nimeitwa mleta kipindupindu katika nchi mbili. Sikukileta. Huyu mama atakwenda chooni wapi, barabarani?" Mwenyekiti wa LC, akiwa nje ya kamba, akaamua: choo kioshwe kwa jiki kila baada ya mtu kutoka, kwa zamu, vyumba vyote. Zamu ya kwanza tumeichukua sisi.

Jumatano 29. Redio imesema Kenya imezuia watu kuingia na kutoka Kakuma na Dadaab. Kwa hiyo hata kamba ikifunguliwa, nyumbani hakuendeki. Mtoto wa pili ameuliza kama na marafiki zake kule kambini wamefungiwa kamba. Tukamwambia ndiyo, ila kamba yao ni ndefu.

Hapo daftari lina siku tupu. Kilikuwa kila siku kile kile: kipimajoto asubuhi, uji, maji kidogo, kafyu saa moja jioni. Majirani Waislamu walikuwa wamefunga Ramadhani, na mke wa dereva akawa anawapelekea uji wa futari. Mmoja wa wale vijana wa ugomvi aliupokea. Hakusema kitu, ila kikombe alikirudisha kimeoshwa.

Jumapili 3 Mei. Dawa za presha za Bibi zimebaki mbili. Kliniki moja tuliyopigia ilisikia neno karantini ikakata simu. Tukapiga tena, wapi.

Jumatatu 4 Mei. Rais Museveni ametangaza barakoa ni lazima kwa kila mtu. Tumekata kanga ya Bibi ya zamani, zimetoka kumi na moja, tatu tukampa mke wa dereva. Dawa imebaki moja. Bibi anasema kichwa kinamgonga.

Jumanne 5 Mei. Mke wa dereva ndiye aliyepata njia. Kumbe mume wake, akiwa huko wodini, alimpigia dereva mwenzake aliyekuwa Tororo, naye akanunua dawa kwa jina tulilomtumia kwenye ujumbe wa simu. Akampa kijana wa boda boda azilete kama mzigo, maana mzigo unaruhusiwa. Saa kumi jioni kijana akaweka mfuko chini ya kamba, akarudi nyuma hatua tano, tukauchukua. Pesa tulituma kwa simu. Hakutaka kuongeza hata shilingi ya mafuta.

Ijumaa 8 Mei. Siku ya 14. Majibu yetu yote ni hasi. Kamba imekatwa kwa kisu cha jikoni.

Dereva alirudi katikati ya Mei na karatasi ya hospitali kwamba amepona. Siku zile foleni ya malori upande wa Kenya ilifika makumi ya kilomita, madereva wakipikia chini ya magari wakingoja majibu, na mjini watu waliwakimbia. Mwenye nyumba akamsimamisha getini, akasema chumba ameshampa mtu mwingine, na tulijua hajampa mtu. Bibi akamwendea polepole.

"Baba, umeisoma karatasi yake?"

"Nimeisoma, Bibi."

"Sisi pia tulikuja kwako na karatasi tu. Ulituamini."

Mwenye nyumba akaikunjua tena ile karatasi, akaisoma yote, hata muhuri. Kisha akampisha. Usiku ule dereva alikula posho na watoto wake, na sisi tukapelekewa sahani moja yenye mukene.