Nyumba ya Kijana Ianze na Vyumba Viwili

Askari kijana anapoingia kazini nchini Uganda, makao ndilo suala la kwanza linalomkabili. Vile vibanda vya bati vya kambi za polisi, ambavyo watu wamevipa jina la "mama ingia pole", vinajulikana: jua likiwaka ni tanuri, na mgeni akija hana pa kuketi. Hata yule aliyebahatika kupata nyumba nzuri ya kambini anafahamu kwamba nyumba ile ni ya kazi. Siku anapostaafu, au anapofariki, jamaa zake hufungasha vyombo. Hapo ndipo huonekana tofauti baina ya familia yenye paa lake na ile isiyokuwa nalo.

Kinachowakwamisha vijana wengi si uchache wa mshahara peke yake, bali ni ukubwa wa nyumba wanayoiota. Mtu huchora vyumba vinne, sebule na baraza, akamaliza akiba ya miaka kadhaa katika msingi, kisha magugu yakaota ndani yake. Nyumba ndogo (ya matofali, si ile ya mitaani inayovunja ndoa) ina heri moja kubwa: humalizika.

Mita 6 kwa 4 zatosha kuanzia. Yaani chumba cha kulala na chumba cha kuketi, jiko na choo vikiwa nje. Kuta zake, pamoja na ule wa kati, zinahitaji matofali kama 2,000 ya udongo wa kushindilia, yenye urefu wa sentimita 26.5 na kimo cha sentimita 10.

Matofali hayo hayachomwi. Tofali la kuchoma hula kuni, na kila tanuru ni miti iliyokatwa. Hili la kushindilia ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo, ukabanwa kwa mashine ya mkono. Mashine ya asili, CINVA-Ram, ilibuniwa na Mchile aitwaye Raúl Ramírez mjini Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950. Zile zitumikazo Uganda siku hizi hutoa tofali lenye ulimi na mfereji, nalo hushikana na mwenzake kwa chokaa kidogo sana. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa matofali 80 hadi 100, hivyo kuta zote zataka mifuko 20 hadi 25. Vikundi vingi hukodisha mashine. Hakuna haja ya kuinunua kwa ajili ya nyumba moja.

Siri yote imo katika udongo, na hapa ndipo fundi mwenye haraka huharibu kazi. Udongo mweusi wa juu, wenye mizizi na mbolea, haufai kabisa. Sharti uondolewe, uchimbwe ule mwekundu wa chini. Kisha lichongwe sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60 kwa ndani, upana 4 na kina 4. Lijazwe udongo uliorowa, lianikwe mpaka ukauke, kisha ipimwe nafasi iliyoachwa na udongo uliosinyaa. Ukisinyaa chini ya sentimita 1.5, kipimo kimoja cha saruji hutosha vipimo 18 vya udongo. Ukifikia sentimita 4.5 hadi 6, saruji moja iende kwa udongo 12 tu. Ukizidi hapo, una mfinyanzi mwingi: uongezwe mchanga na upimwe tena. Anayeruka jaribio hili huona nyufa baadaye, akailaumu mashine.

Matofali yakishatolewa hufunikwa kwa nyasi au nailoni, yakanyweshwa maji asubuhi na jioni kwa juma zima, kisha yakaachwa hadi zitimie siku 28. Adui yao ni maji yanayorukia ukutani. Kwa hiyo msingi wa mawe uinuliwe sentimita 30 juu ya ardhi, na paa litokeze sentimita 60 kila upande.

Nyumba hii yapasa ichorwe tangu mwanzo kana kwamba haijaisha. Katika ukuta mmoja wa mwisho liwekwe dirisha lenye upana wa mlango, na linta yake iwe katika kimo cha mlango. Mtoto wa pili akizaliwa, matofali ya chini ya dirisha hutolewa, na chumba kipya huungwa hapo bila kubomoa ukuta wala kugusa paa la zamani. Kiwanja nacho kiachwe wazi upande huo. Wengi husahau, wakapanda migomba.

Paa la nyumba hii, pamoja na lilivyotokeza, ni mita za mraba 37. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo mvua za milimita 1,000 kwa mwaka huleta lita kama 30,000 hata baada ya kutoa zinazopotea. Mhandisi Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni matofali ya kushindilia yaliyopinda, yanayofaa kujengea tangi la maji. Asiyeweza tangi mwaka huu aanze na mfereji wa bati na mapipa mawili yenye vifuniko, dhidi ya mbu. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yamwagike, kwani huosha vumbi la batini. Baada ya hapo, mvua moja ya milimita 10 hutoa lita kama 300, yaani pipa moja na nusu.