Utunzaji wa Springi za Tela la Mazao

Jina la Kariakoo lenyewe latukumbusha habari za mizigo. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi cha wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, kilipiga kambi mahali pale, na jina la kikosi likageuka kuwa jina la mtaa. Siku hizi mzigo hauji kichwani. Huja kwa lori, kwa pikapu, au kwa tela dogo lifungwalo nyuma ya gari. Mkulima aletaye nyanya na mapapai kwa njia ya Pugu huangalia injini na matairi, lakini springi za tela huzisahau mpaka siku zikatikapo.

Jinsi springi ifanyavyo kazi

Springi ni vipande bapa vya chuma cha pua vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, na kila kipande huitwa jani. Jani kuu ni refu kuliko mengine. Ncha yake ya mbele hufungwa kwa pini. Ncha ya nyuma huning'inia katika kiungo chenye kucheza, kwa kuwa springi ikibanwa na mzigo hunyooka na kurefuka. Kiungo hicho kikikwama kwa kutu, springi hukosa nafasi ya kunyooka, na kila shimo la barabara huyapiga mazao.

Katikati majani hushikwa na senta bolti, na springi hubanwa kwenye ekseli kwa bolti zilizopindwa mfano wa herufi U, ziitwazo yubolti. Wengi hudhani ya kwamba springi huvunjwa na mzigo peke yake. Kumbe mara nyingi uharibifu huanza kwa nati za yubolti kulegea. Hapo majani hucheza penye tundu la senta bolti, napo ndipo padhaifu. Bolti ikikatika, ekseli husogea, na tela hukimbia kombo. Tela la namna hiyo halimwagi nyanya tu. Laweza kumwua mwenye baiskeli aliye kando ya njia.

Ukaguzi wa kila mwezi

1. Simamisha tela tupu mahali tambarare, ukinge magurudumu kwa mawe. Usiingie kamwe chini ya tela lililoshikwa na jeki peke yake. Tegemeza fremu kwa magogo imara.

2. Sugua majani kwa brashi ya waya, uyatazame moja moja. Ufa mara nyingi huonekana kama mstari mwembamba wa kutu.

3. Pima toka ekseli hadi fremu, kulia na kushoto. Upande ulio chini, springi yake imechoka.

4. Kaza nati za yubolti kwa zamu, kidogo kidogo, zibane sawasawa. Zikiwa mpya, zikaze tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

5. Pini zenye kijitundu cha grisi zipewe grisi. Lakini bushi za mpira zisiguswe na mafuta, maana mafuta huuharibu mpira.

Mambo ya kuepukwa

Jani lililovunjika lisichomelewe. Moto huondoa ule ugumu uliotiwa katika chuma kiwandani, nalo hukatika tena karibu na pale pale. Nenda Gerezani, kwa wauza vipuri na mafundi wa chuma, ukabadilishe springi za pande zote mbili pamoja, ili tela lisilale upande. Yubolti zilizofunguliwa zisirudishwe, zimekwisha vutika.

Wala usiongeze jani ili upate kupakia zaidi. Ekseli na matairi havikuongezeka nguvu, na springi iliyo ngumu mno hupondaponda mazao yale yale uliyotaka kuyachukua.

Wachukuao samaki toka Feri yawapasa kuosha springi kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni, kwani maji ya samaki hupenya kati ya majani na kuyala upesi.

Kazi hii yataka spana, brashi na saa moja tu kwa mwezi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa springi hauzibwi: huonwa mapema, na jani likabadilishwa kabla ya safari.