Usitosheke na Kihispania cha nusu njia

Mnamo Januari 1980, kijana mwanariadha wa umri wa miaka 18 alifikishwa katika hospitali moja ya jimbo la Florida, Marekani, akiwa amezirai. Jamaa zake, ambao lugha yao ilikuwa Kihispania cha Cuba, waliwaeleza wahudumu kwamba alikuwa "intoxicado". Kwa Mcuba, neno hilo lina maana kwamba mtu amedhuriwa na kitu alichokula au alichokunywa. Wahudumu walilisikia kama neno la Kiingereza linalofanana nalo, wakaamini kwamba kijana amezidisha dawa za kulevya, wakamtibu hivyo. Kumbe alikuwa akivuja damu ndani ya ubongo. Matibabu yaliyostahili yalichelewa na kijana akapooza mikono na miguu. Kesi iliyofuata ilimalizwa kwa fidia iliyokadiriwa kufikia dola milioni 71 katika maisha yake yote.

La kusikitisha zaidi ni kwamba mkalimani hakuitwa, kwa sababu kila upande uliamini kuwa umeelewana na mwenzake.

Mpenzi msomaji, hiyo ndiyo hatari ya kujua lugha nusu. Asiyejua kabisa hutafuta msaada. Aliyebobea huelewa. Lakini yule wa katikati huelewa kiasi cha kujiamini, ilhali hajaelewa kiasi cha kutegemewa.

Huenda ukajiuliza jambo hili linamhusu vipi Mkenya. Mwaka wa 2018, serikali ilipeleka madaktari 50 nchini Cuba kusomea udaktari wa familia, katika nchi ambako mhadhara, mgonjwa na mtihani vyote ni vya Kihispania. Mwaka uo huo, madaktari 100 wa Cuba waliletwa kuhudumu katika hospitali za kaunti, mpango ambao ulikoma mwaka wa 2023. Aidha, Kihispania ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, ambao una ofisi kubwa huko Gigiri, Nairobi. Ni lugha ya kwanza ya karibu watu milioni 500, na hapa Afrika ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta.

Ikiwa tayari umesoma Kihispania hadi kiwango cha kati na sasa wataka kupanda kwa bidii yako mwenyewe, yafuatayo yatakufaa. Yatakufaa pia kwa sababu ubongo, macho na masikio utakayotumia ni viungo vya mwili, na vina kanuni zake za afya.

Mbona wengi hukwama?

Baraza la Ulaya lilichapisha mwaka wa 2001 mfumo wa viwango sita vya lugha, kuanzia A1 hadi C2. Mitihani ya Kihispania iitwayo DELE, ambayo husimamiwa na taasisi ya Instituto Cervantes, hufuata mfumo huo. Mtu wa B1 anaweza kusafiri, kueleza habari zake na kununua vitu sokoni. Mtu wa C1 husoma maandishi marefu na magumu, hutambua maana iliyofichika, na huzungumza bila kusitasita akitafuta maneno.

Mwanzoni kila neno jipya ni faida unayoiona. Ukifika katikati, maneno ya kila siku unayajua tayari, na yaliyosalia hutokea mara chache. Isitoshe, watu wanakuelewa hata ukikosea, kwa hivyo hakuna anayekusahihisha. Mtaalamu wa lugha Larry Selinker alieleza mwaka wa 1972 jinsi makosa ya namna hii yanavyoweza kuganda kama mawe na kubaki na mwanafunzi miaka mingi.

Tiba yake si kurudia vitabu vile vile kwa saa nyingi zaidi. Ni kuulazimisha ubongo utoe kile ulichoingiza, kisha kuupumzisha.

Dozi badala ya karamu

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio ya kukariri na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 1885. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea mapema, halafu kasi ya kusahau hupungua. Aligundua pia kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hudumu kuliko marudio yaliyorundikwa siku moja. Basi soma Kihispania kama unavyomeza dawa uliyopewa na daktari: kidogo kidogo, kwa wakati wake, bila kuruka siku. Hakuna anayepona haraka kwa kumeza vidonge vya wiki nzima Jumamosi usiku.

Saa 2 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ni saa 144 katika wiki 12. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huwafundisha maafisa wake Kihispania kuanzia mwanzo kwa wiki 24 hadi 30, kutwa nzima. Kwa hivyo usitarajie miujiza, bali tarajia maendeleo unayoweza kuyapima. Zigawe saa hizo mbili katika dozi nne.

Dozi ya kwanza ni kadi, dakika 25 asubuhi. Andika sentensi nzima ya Kihispania upande mmoja na maana yake kwa Kiswahili upande wa pili. Anza na Kiswahili, sema Kihispania kwa sauti, ndipo ugeuze kadi. Mwandishi Mjerumani Sebastian Leitner alieleza mwaka wa 1972 sanduku lenye vyumba kadhaa. Kadi uliyoipata husogea mbele, ambako hurudiwa baada ya siku nyingi zaidi, na uliyoikosa hurudi chumba cha kwanza. Sanduku la viatu na vipande vya katoni vyatosha.

Dozi ya pili ni imla, dakika 35. Chagua mazungumzo ya dakika moja yaliyo na maandishi yake. Sikiliza mara tatu, andika unachosikia, kisha linganisha na usahihishe kwa kalamu nyekundu. Utashangaa. "Va a hablar" ni maneno matatu kwa jicho, lakini sikio husikia kama mawili. Mcuba humeza herufi s mwishoni mwa silabi. Huko Madrid, herufi c ya "gracias" hutamkwa kama th ya "thelathini", lakini Amerika ya Kusini hutamkwa kama s ya "sita".

Dozi ya tatu ni kusoma, dakika 30. Chagua fani moja, kwa mfano afya, na usibadilishe kwa mwezi mzima, ili maneno yale yale yakurudie. Usifungue kamusi kwa kila neno. Chagua matano au sita kwa siku yaliyokuzuia kuelewa, uyatengenezee kadi.

Dozi ya nne ni kusema na kuandika, dakika 30 jioni. Hii ndiyo inayokwepwa na wengi. Mtafiti Merrill Swain aliwachunguza watoto wa Kanada waliofundishwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka mingi. Mnamo 1985 alieleza kwamba walielewa vyema sana, lakini usemi na maandishi yao yalibaki na makosa, kwani hawakusukumwa vya kutosha kuitumia lugha wenyewe. Kwa hivyo eleza ulichosoma kwa dakika tatu bila kutazama, ukijirekodi kwa simu. Jisikilize, andika makosa katika daftari, kisha eleza upya. Mara moja kwa wiki, tafuta mtu anayejua lugha vizuri akusahihishe bila huruma.

Utafiti wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa mwaka wa 2006 unaunga mkono jambo hili. Wanafunzi waliosoma habari tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano. Hata hivyo, baada ya wiki moja, waliokuwa wamejijaribu kwa kukumbuka bila kutazama ndio waliowashinda.

Pita njia ya Kiswahili

Wakenya wengi hujifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza, na hapo hujizungusha bure. Kiswahili kiko karibu zaidi kwa mambo mengi. Vokali ni zile zile tano, a, e, i, o, u. "Me duele la cabeza" ni "kichwa kinaniuma", kichwa ndicho kinachotenda. "Tengo hambre" ni "nina njaa", "tengo sed" ni "nina kiu", na "tengo fiebre" ni "nina homa".

Hata kitenzi kinachowatoa jasho wanafunzi wengi, kile cha kutaka na kuomba, tunacho. Sisi husema "anasema" lakini "nataka aseme". Mhispania naye husema "habla" lakini "quiero que hable", na a inageuka e kama yetu. Vitenzi vingine hugeuka kinyume, kwani "come" huwa "coma", lakini mawazo ni yale yale. Jihadhari tu pale njia zinapoachana. "Nadhani ana malaria" ni "creo que tiene malaria", lakini "sidhani kama ana malaria" ni "no creo que tenga malaria". Kitenzi chetu hakibadiliki hapo, ila chao hubadilika, kwa sababu ya shaka.

Pia Waarabu walituachia sisi na wao urithi mmoja. "Hasta" yao na "hata" yetu zina asili moja, na vivyo hivyo "fulano" na "fulani", "azúcar" na "sukari".

Lakini ogopa maneno yanayofanana na ya Kiingereza. "Embarazada" si mwanamke anayeona haya, ni mjamzito. Nchini Uhispania, mtu aliye "constipado" ana mafua, na mwenye kufunga choo ni "estreñido". Katika nchi kadhaa za Amerika ya Kusini, neno lile la kwanza ndilo la kufunga choo. "Guagua" ni basi kwa Mcuba, lakini ni mtoto mchanga kwa watu wa Bolivia. Basi kwenye kila kadi andika pia nchi ambako neno hilo lilitumika.

Mwili usisahauliwe

Usikeshe. Wakati wa usingizi ubongo huendelea kuimarisha uliyojifunza mchana, na anayekata usingizi ili asome zaidi hujiibia mwenyewe. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kila usiku. Kuhusu kahawa, kwa watu wengi mwili huchukua takriban saa 5 kuondoa nusu ya kafeini. Kikombe cha saa 10 jioni bado kinakukesha saa 3 usiku.

Unaposoma kwenye simu au kompyuta, unapepesa macho mara chache na macho hukauka. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Unapotumia visikilizio, usizidishe sauti kupita asilimia 60 ya uwezo wa chombo, kama linavyoshauri Shirika la Afya Duniani. Masikio yakivuma baada ya kusikiliza, sauti ilikuwa juu mno.

Woga nao ni wa kweli. Watu wengi wakitakiwa kusema lugha ya kigeni, moyo hudunda, mikono hutoa jasho na maneno hutoroka. Haina maana kwamba huna kipaji. Anza kwa kusema peke yako, kisha na mtu mmoja, kisha na wengi, na vuta pumzi polepole kabla ya kujibu. Ikiwa maumivu ya kichwa au kukosa usingizi kunaendelea kwa wiki kadhaa, acha vitabu umwone daktari.

Je, ubongo hufaidika?

Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka wa 2012 uchunguzi wa vijana waliokuwa wakisomea ukalimani katika jeshi, waliojifunza lugha mpya kwa kasi kubwa. Baada ya miezi 3, picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu zinazohusika na kumbukumbu na lugha zilikuwa zimekua. Wanafunzi wengine waliosoma kwa bidii masomo yasiyo ya lugha hawakuonyesha mabadiliko hayo. Katika mji wa Hyderabad, India, uchunguzi wa wagonjwa 648, uliochapishwa mwaka wa 2013, ulionyesha kwamba wanaotumia zaidi ya lugha moja walipatwa na maradhi ya kupoteza akili uzeeni wakiwa wamechelewa kwa miaka 4 na nusu, hata wasiojua kusoma.

Lakini tusidanganyane. Wagonjwa hao walikuwa watu waliozoea lugha hizo maishani, na uchunguzi mwingine haukupata faida hiyo. Kihispania hakiwezi kuitwa kinga ya ugonjwa wowote. Ni zoezi zuri la ubongo, na faida yake ya hakika ni kuelewana na watu.

Utajuaje umevuka? Pima kila baada ya wiki 4. Rudia imla ile ile ya mwanzo uhesabu makosa. Eleza kwa dakika tano jambo usilolizoea, kama vile kipimo cha sukari ya damu, uhesabu mara ulizokwama. Kisha jiulize kama sasa unatambua mahali ambapo hukuelewa, na kama una maneno ya kuuliza "¿Qué quiere decir con eso?", yaani "una maana gani kusema hivyo?" Anayeuliza hivyo kwa wakati amepiga hatua kubwa kuliko anayetikisa kichwa kukubali asichokielewa.

Tafuta sanduku la viatu leo. Kata kadi kumi, uziandike kabla ya kulala, na kesho asubuhi jijaribu kabla ya chai.