Ng'ambo katika hifadhidata: kwa nini toleo la majaribio lijaribiwe Unguja

Toleo la majaribio la hifadhidata, yaani lile linalotolewa kwa umma miezi michache kabla ya toleo kamili ili kasoro zake zifichuke, halikusudiwi kubeba kazi ya kila siku, bali kukutana na data ambazo waundaji wake hawakuzifikiria. Hifadhidata ni programu inayotunza kumbukumbu kwa mpangilio unaoziwezesha kutafutwa, kuunganishwa na kusahihishwa, na inapoitwa huria maana yake ni kwamba msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na waundaji, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha.

Jambo hili haliko mbali na Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, Zanzibar. Zanzibar ilianza mwaka 2005 kutumia DHIS, mfumo wa taarifa za afya uliobuniwa Afrika Kusini baada ya 1994 na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Toleo lake la pili, DHIS2, ambalo hupokea hesabu za chanjo, wajawazito na wagonjwa kutoka vituoni, limejengwa juu ya PostgreSQL, hifadhidata huria iliyochipuka kutoka mradi ulioanza 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kasoro inayopenya katika PostgreSQL yaweza, kwa njia hiyo, kuishia katika hesabu ya watoto waliochanjwa Kikadini au Kibigija, sehemu za Jambiani.

PostgreSQL hutoa toleo kubwa moja kila mwaka, na majaribio hutangulia kwa takriban miezi minne: lile la 17 lilianza kujaribiwa tarehe 23 Mei 2024 na likakamilika tarehe 26 Septemba. Kipindi hicho si cha mapambo. Mwaka 2022, sehemu kubwa ya uwezo mpya wa kushughulikia data za JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data, uliokwisha kuingizwa katika toleo la 15, iliondolewa majaribio yakiwa yanaelekea ukingoni, kwa sababu ilionekana haijaiva, kisha ikarejeshwa kwa awamu katika matoleo yaliyofuata.

Data za Unguja zina ugumu wake. Jina la Ng'ambo, eneo la mji wa Zanzibar, lina ritifaa, alama ambayo katika lugha ya SQL, inayotumika kuiuliza hifadhidata maswali, hufungua na kufunga maneno, hivyo programu iliyoandikwa kizembe hudhani jina limekwisha kwenye "Ng". Kosa hilo ni la mwandishi wa programu. La hatari zaidi ni la mpangilio wa herufi, ambao hifadhidata mara nyingi huuazima kwa mfumo endeshi: mwaka 2018 glibc, maktaba ya msimbo ya mfumo endeshi wa Linux, katika toleo la 2.28, ilibadilisha mpangilio huo, zikiwemo alama zisizo herufi, na faharasa, yaani orodha za kutafutia, zilizojengwa kwa mpangilio wa zamani zikaweza kukosa kumbukumbu iliyomo. Kumbukumbu ipo, ila haionekani; na hakuna kengele inayolia.

Anayejaribu hachezei data hai. Huchukua nakala, huondoa majina ya wagonjwa, lakini huacha majina ya mahali na ritifaa zake, kisha huiingiza katika toleo la majaribio na kuuliza maswali yaleyale yanayoulizwa kila mwisho wa mwezi, akilinganisha majibu na muda uliotumika. Bahari ya Jambiani yenyewe yatosha kuwa mfano, kwani kati ya ufuko na mwamba kuna maji ya kina kifupi ambamo chombo kinachovuja hujulikana mapema, bila mtu kuzama. Kasoro ikipatikana, taarifa yenye manufaa hutaja namba ya toleo, mfumo endeshi na hatua chache kabisa zinazoizalisha tena. Malalamiko matupu kwamba programu ni mbovu hayamsaidii mrekebishaji.

Toleo la majaribio hupakuliwa bila malipo kila mwaka, na kompyuta moja ya ofisini iliyokaa bila kazi inatosha kuliendesha.