Umra na Familia: Nguo za Kufunga, na Zipi Zikae Begi la Mkononi

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba zake.

Kila likizo ya skuli inapokaribia, familia nyingi za Unguja na Pemba hujiandaa kwenda Umra pamoja na watoto. Tiketi, viza na hoteli hushughulikiwa mapema. Nguo huachiwa usiku wa mwisho, na hapo ndipo makosa hutokea: begi kubwa linajaa kanzu na mabuibui mapya, na shuka za ihramu zinatiwa humo humo. Ndege inapita miqati, shuka ziko chini kwenye mizigo, na mtu amekaa juu na suruali yake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "tuchukue nguo ngapi?", ulizeni kwanza "ihramu tutaivalia wapi?"

Jueni miqati yenu

Miqati ni mipaka aliyoiweka Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam), ambayo mwenye kukusudia Hija au Umra haivuki ila awe ameshahirimia.

Mtakaoanzia Madina, jambo lenu ni jepesi. Mtasafiri na nguo zenu za kawaida, na siku ya kwenda Makka mtahirimia Dhul-Hulayfa, panapojulikana leo kama Abyar Ali, nje kidogo ya mji. Pana msikiti mkubwa na mabafu ya kuogea.

Mtakaoshuka Jeddah kwa nia ya kwenda Makka moja kwa moja, miqati yenu itapita mkiwa angani. Wanaopitia Muscat, Dubai au Doha hutokea mashariki, upande wa Qarn al-Manazil, karibu na Taif. Wanaopitia Addis Ababa hutokea ng'ambo ya Bahari ya Sham, na mahali pao pa kutia nia ni vyema wamuulize sheikh wa msafara kabla ya kuondoka nyumbani. Mara nyingi wahudumu wa ndege hutangaza miqati inapokaribia, lakini muda huo hautoshi familia nzima kupanga foleni ya choo. Vaeni shuka nyumbani au katika uwanja wa kubadilishia ndege. Kuvaa shuka peke yake si kuhirimia. Nia na talbiya mtaleta inapofika miqati.

Shuka za mwanamume

Mwanamume huvaa shuka mbili, ya kiunoni na ya mabegani. Nyeupe ni bora, lakini si sharti. Chukueni jozi mbili kwa kila mtu, kwani moja ikichafuka inaruhusiwa kubadilisha ukiwa ndani ya ihramu. Shuka nzito kidogo ya taulo hukaa vizuri mwilini wakati wa baridi, na ya pamba nyepesi hufaa wakati wa joto.

Wengi wanadhani kila kilichopita uzi kimekatazwa. Sivyo. Kilichokatazwa ni vazi lililoshonwa kwa kufuata umbo la mwili au kiungo, kama kanzu, shati, suruali, chupi na fulana. Mkanda wa kutilia pesa na pasi, hata ukiwa umeshonwa, hauna tatizo. Ndara au makubadhi yenye mshono pia hayana tatizo, mradi yasifunike mguu kama kiatu. Kofia na kilemba huvuliwa, mwavuli unafaa. Shuka ya chini inaweza kufungwa fundo, ama ya juu katika madhehebu yetu ya Kishafii haifungwi wala haitiwi pini. Zipo pia shuka zilizoshonwa mduara na kutiwa lastiki kiunoni. Masheikh wamekhitilafiana juu yake, na aliyechukua shuka ya wazi ametoka katika khitilafu hiyo.

Kwa kuwa chupi haivaliwi, mapaja husuguana. Sai peke yake, mizunguko saba baina ya Safa na Marwa, ni mwendo wa zaidi ya kilomita tatu. Chukueni mafuta ya mgando yasiyo na harufu.

Mavazi ya mwanamke

Mwanamke hana sare ya ihramu. Si lazima iwe nyeupe, wala si lazima inunuliwe mpya. Buibui lake la kila siku, likiwa pana, halioneshi na halibani, linatosha. Alichokatazwa akiwa ndani ya ihramu ni nikabu na glovu. Aliyezoea kufunika uso anaweza kuteremsha mtandio kutoka kichwani wanapopita wanaume, kama ilivyopokelewa kutoka kwa Bi Aisha (Radhiya Allahu anha). Katika madhehebu yetu mtandio huo huwekwa mbali kidogo na ngozi ya uso.

Soksi kwake zinaruhusiwa, na akina mama msizisahau. Miguu ni katika sehemu za kusitiriwa ndani ya swala kwa Mashafii, na buibui hupanda mtu anaposujudu katikati ya msongamano. Jozi nne zinatosha. Zile zenye mpira chini ni bora, kwa sababu marumaru ya Haram huteleza.

Kanga mbili zisikose. Kanga ni shuka ya kujifunika kwenye ndege, mswala wa kutandika, kivuli cha mtoto na taulo la dharura, na ikifuliwa jioni asubuhi imekauka.

Watoto

Mtoto si wajibu kuhirimishwa. Lakini mwanamke mmoja alimnyanyulia Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) mtoto wake akamuuliza kama ana Hija, akajibiwa kuwa anayo, na mama naye ana ujira. Basi mzazi akipenda humtilia nia mwanawe. Akishamtilia nia, amzuie na yale anayozuiwa mkubwa. Mtoto wa kiume avishwe shuka ndogo, mbili au tatu za akiba. Suala la nepi muulizeni sheikh wenu kabla ya safari, si mkiwa mataf. Mzazi anayeona hataweza kumsimamia mtoto, amwache na nguo zake za kawaida, wala hana dhambi.

Msimvishe mtoto viatu vipya. Avae vilivyokwisha kuzoea mguu wake.

Harufu ya udi

Hili linatuhusu sana sisi watu wa visiwani. Nguo zetu za safari hufukizwa udi, na sanduku hutiwa asumini au vikuba. Aliyehirimia haruhusiwi kutumia manukato mwilini wala kwenye nguo. Mwanamume kujipaka mafuta mazuri mwilini kabla ya kutia nia ni sunna iliyothibiti. Ama nguo za ihramu, msizifukize. Zifungeni kwenye mfuko wake, mbali na zenye udi. Chukueni pia sabuni isiyo na harufu. Udi na mafuta wekeni begi kubwa, mtatumia mkishamaliza Umra.

Nguo za siku zilizobaki

Umra yenyewe humalizika kwa saa chache. Siku nyingine zote mtu huvaa kawaida, na hapa ndipo mabegi hujaa bure. Kwa safari ya siku kumi hadi kumi na nne, zifuatazo zinatosha:

- Mwanamume: kanzu tatu, kofia mbili, fulana na nguo za ndani za siku tano, kikoi cha kulalia.
- Mwanamke: mabuibui matatu, mitandio mitatu, magauni mepesi manne ya ndani, kanga mbili.
- Mtoto: nguo tano, na moja ya akiba katika begi la mkononi.
- Kila mmoja: jozi mbili za ndara, na mfuko wa kitambaa wa kuzitia anapoingia msikitini.

Chagueni vitambaa vya pamba au vilivyochanganywa, visivyohitaji pasi. Sabuni ya kufulia na kamba nyembamba ya kuanikia zitawapunguzia nusu ya mzigo. Makka wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40, lakini ndani ya hoteli na mabasi viyoyozi ni vikali. Madina usiku wa Disemba na Januari ni baridi kwa mtu wa pwani, kwa hiyo sweta moja kwa kila mmoja lisiachwe.

Mkasi na nyembe za kunyolea ziwekwe begi kubwa, kwani zitazuiwa uwanjani. Acheni nafasi ya zawadi wakati wa kurudi. Zamzam huuzwa katika boksi lake maalumu na haifichwi ndani ya nguo. Someni kwenye tiketi uzito unaoruhusiwa.

Ikitokea shuka zimebaki kwenye mizigo

Asiseme mtu "nitahirimia nikifika Jeddah". Atie nia pale pale inapofika miqati. Avue kofia na shati au kanzu, ajitande kanzu hiyo mabegani bila ya kuivaa, na kiunoni afunge kikoi au shuka yoyote atakayoazimwa. Asipopata kabisa, imethibiti kuwa asiyepata shuka anavaa suruali. Akipata shuka zake abadilishe haraka. Aliyevuka miqati bila ya nia hulazimika kurudi miqati kabla hajaanza ibada, au kuchinja.

Nasaha kwa familia

Wapo wanaokopa ili wote wavae sare mpya uwanjani siku ya kuagwa. Ibn Abbas (Radhiya Allahu anhuma) alieleza kuwa watu fulani walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu kisha wakiombaomba watu, ndipo ikateremka amri ya kuchukua masurufu, pamoja na kukumbushwa kuwa bora yake ni uchamungu. Masurufu ni chakula, nauli na sitara. Deni la kushonea nguo za picha si katika hayo. Katika ihramu tajiri na maskini wote wanaume huvaa shuka mbili, na nguo hizo ndizo za kwanza kufungwa.

Allah atutakabalie sisi na nyinyi, na awarudishe wasafiri wetu salama. Na Allah ni Mjuzi zaidi.