Impatiens walleriana: ua lisilo na subira

Vitabu vya zamani vya bustani huliita Impatiens sultani, na Sultani anayetajwa ni wa Zanzibar. Mwaka 1882 Joseph Hooker wa bustani ya Kew, London, aliutangaza mmea huo uliotumwa na John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Unguja, akaupa jina la kumheshimu mtawala wa wakati huo, Sayyid Barghash. Kumbe Hooker huyohuyo alikwisha kuuandika mwaka 1868 kwa jina la Impatiens walleriana, akimkumbuka Horace Waller, mmisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, na mpinzani mkubwa wa utumwa. Kanuni ya wanabotania haina upendeleo: jina lililotangulia kuchapishwa ndilo lenye haki. Sultani akaondoka, Waller akabaki.

Neno Impatiens lina hoja zaidi. Ni Kilatini, maana yake asiye na subira, na wengi hulidhania pambo tu. Shika tunda lililokomaa uone. Ni kijani, limevimba katikati, na kuta zake tano zimeshikana kwa mishono myembamba. Seli za kuta hizo zimejaa maji, zimekazwa kama upinde uliovutwa. Kidole kikigusa, mshono unaachia, kuta zinajikunja kwa ndani kabla hujapepesa jicho, na mbegu zinaruka mita moja au zaidi. Tunda changa ulibane utakavyo, halitii. Chini ya miti mikubwa ya msitu upepo ni haba, na mbegu hizi hazina mabawa wala nyama tamu ya kuita ndege. Mmea umeamua kujitegemea. Ndiyo sababu unakuta miche mahali ambapo hukupanda.

Nao ni wa kwetu, ingawa tunaununua kwenye pakiti za mbegu za ng'ambo. Huota wenyewe penye kivuli na unyevu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Usambara kuna ndugu yake, Impatiens usambarensis. Milima ya Taita ina Impatiens teitensis. Mashina ya jamii hii yamejaa maji, hivyo kijito kikikauka hayo ndiyo hutangulia kulala. Sisi tunafyeka kingo za vijito tupate matuta machache ya kabichi, kisha tunashangaa bomba halitoi maji.

Wenzetu wameonja hasara ya kuupoteza mmea huu. Miaka ya 2011 na 2012 ugonjwa wa ubwiri vinyoya uliteketeza maua haya katika bustani nyingi za Marekani, baada ya kusumbua Ulaya. Zikatafutwa aina zinazostahimili, na mojawapo Syngenta huiuza kwa jina la Imara. Kwa maoni yangu, ndugu wa porini ni akiba ya vinasaba ambayo hakuna maabara inayoweza kuirudisha ikishapotea.

Matumizi? Vyungu vya barazani, vikapu vya kuning'iniza, chini ya miembe, kando ya njia za hoteli. Mmea huoteshwa pia kwa kipande cha shina kilichotiwa ndani ya maji.

Ukinunua mche, dai jina kamili. Na kama shamba lako limepakana na mto, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni zisizoruhusiwa shughuli za kudumu. Ziache.