Die Toten Hosen: Kundi la panki lililojifunza kuomboleza

Kwa miaka mingi kundi la Die Toten Hosen la Düsseldorf, magharibi mwa Ujerumani, lilijulikana kwa magitaa yenye kelele, utani na nyimbo za ulevi. Baadaye nyimbo zake za urafiki na kifo zilipendwa hata na watu wasiopenda panki. Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja, lakini ipo siku moja ambayo haiwezi kuachwa katika kuyaeleza.

Kundi hilo liliundwa mwaka 1982. Jina lake, lenye maana ya "suruali zilizokufa", linatokana na usemi wa Kijerumani unaotumiwa kwa mahali palipodorora. Wakati huo panki ilikuwa sauti ya vijana waliotaka kuwaudhi wakubwa, na ustadi wa kupiga ala haukuwa sharti.

Juni 28, 1997, kundi lilifanya tamasha lake la 1,000 katika uwanja wa Rheinstadion, mjini Düsseldorf. Katika msongamano mbele ya jukwaa, msichana wa miaka 16 kutoka nchi jirani ya Uholanzi alipoteza maisha. Tamasha lilisimamishwa, kisha likaendelea kwa utulivu ili umati usitaharuki.

Furaha ya vurugu iliyokuwa fahari ya kundi ikawa imebeba msiba. Albamu iliyofuata ya nyimbo mpya, "Unsterblich" ya mwaka 1999, ilikuwa na mwendo wa taratibu zaidi na maneno ya tafakuri. Mwaka 2002 ukafuata wimbo "Nur zu Besuch", ambamo mwimbaji Campino anamzuru marehemu mama yake kaburini.

Wapo mashabiki wa awali walioona kwamba kundi limeusaliti uasi wake. Hoja yao ilipata nguvu baada ya wimbo "Tage wie diese" wa mwaka 2012 kushika nafasi ya kwanza nchini Ujerumani. Usiku wa uchaguzi wa mwaka 2013, viongozi wa chama cha kihafidhina cha CDU waliuimba kusherehekea ushindi, ingawa kundi lilikuwa limepinga nyimbo zake kutumiwa na vyama vya siasa. Kansela Angela Merkel alimpigia simu Campino kumwomba radhi.

Hata hivyo, panki haikuachwa. Nyimbo za kasi za miaka ya 1980 zimeendelea kupigwa jukwaani, bega kwa bega na zile za maombolezo.